Kutu Huanzia Mahali Tusipopatazama

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na msimamizi wa magari wa shirika letu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia waliokutana Kintinku, wilayani Manyoni. Tunaichapisha kwa faida ya wajumbe ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu.)



Nimeombwa kuzungumzia utunzaji wa magari. Kwa kuwa muda wetu ni mfupi nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni kutu. Najua wengine mnasema moyoni kwamba kutu ni shida ya watu wa Tanga na Zanzibar, wenye bahari. Naomba mnisikilize kwanza.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa dereva wa parokia moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na Land Cruiser kuukuu ya msaada, ndiyo iliyokuwa gari la padre, gari la mahindi na gari la wagonjwa. Ikafika habari kwamba waliotusaidia kuinunua wanakuja kututembelea. Kamati ikakaa, ikaamua gari lipigwe rangi. Fundi akaziba matundu ya milango kwa fila, akapiga msasa, akapiga rangi nyeupe. Gari liking'aa kama jipya. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele yake, wakaondoka wamefurahi. Hakuna aliyeinama kuangalia chini ya gari. Hata mimi dereva sikuinama.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nashuka ukingo wa Bonde la Ufa kuja huku bondeni. Nyuma alikaa mama aliyetoka kujifungua hospitali, mtoto wake mchanga na mama mkwe wake. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni. Nikarudisha gia ya chini, nikavuta breki ya mkono, nikaliegesha gari kwenye ukuta wa udongo kandoni mwa barabara mpaka likasimama. Mungu alitusaidia, hakuna aliyeumia. Nilipoingia chini ya gari nikakuta paipu ya breki imeliwa na kutu hadi ikatoboka. Ilikuwa imefunikwa na tope lililokauka juu ya chasisi, tope la misimu kadhaa. Pale nilielewa kwamba tulikuwa tumepaka rangi mahali wageni wanapopatazama, na kuacha mahali roho za watu zinapotegemea.

Sasa, kutu ni nini? Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kinaanza kubadilika kuwa kutu. Kikikosa kimojawapo, kutu haifanyiki. Maji yakiwa na chumvi kazi hiyo huenda haraka zaidi. Tena chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo mahali penye chumvi hapakauki upesi. Kutu ikishaanza haiwi ngozi ya kukilinda chuma. Humeguka na kuacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, huisukuma rangi kutoka ndani. Ukiona rangi imevimba kama lengelenge, ujue kazi imeshafanyika zamani huko chini.

Hapa ndipo nawarudia wanaosema hatuna bahari. Ndugu zangu, bonde hili la Bahi maji yake hayaendi baharini. Yanaingia wakati wa masika, yanatuama, yanakaushwa na jua, na chumvi inabaki. Wenzetu wa Bahi wamepika chumvi ya udongo tangu enzi za mababu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na ndiyo maana mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliokusudiwa kuhudumia vijiji 11, ulisubiriwa kwa hamu kubwa. Tope jeusi la mbuga zetu za mpunga hung'ang'ania chini ya gari na kushika unyevu kwa wiki nyingi. Halafu sisi tunalioshea gari maji yaleyale ya kisima, na mengine tunayajaza kwenye rejeta. Bahari tunayo, ila tunaibeba wenyewe kwa ndoo.

Kuna mfano mmoja wa kututia moyo, nao ulipita hapa hapa kwenye stesheni yetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo Wajerumani walisafirisha meli nzima ikiwa vipande vipande, kwenye masanduku yapatayo 5,000. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ilipofika Julai 1916, vita vikiwa vimewaelemea, waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa bado inafaa. Mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na ikabeba abiria na mizigo kwa miongo mingi. Grisi ya siku chache iliokoa mitambo iliyolala ziwani miaka. Maji hayakupata nafasi ya kugusa chuma, basi.

Sasa tufanye nini sisi?

Kwanza, tuoshe chini. Kila wiki wakati wa masika, na mara moja masika yanapoisha, tope litolewe kwenye chasisi, ndani ya madigadi na juu ya tangi la mafuta. Tutumie maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa la kanisa. Kama hakuna ila ya kisima, gari lisuuzwe mwisho kwa maji ya mvua japo ndoo mbili.

Pili, maji yapate njia ya kutoka. Chini ya kila mlango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi, mlango unageuka mtungi. Vizibuliwe kwa kijiti. Mazulia ya sakafuni yainuliwe na kuanikwa.

Tatu, tuangalie tunachobeba. Mkojo wa mbuzi wa kupeleka mnadani, mbolea ya viwandani na chumvi ya mifugo vinakula bati kuliko mvua. Tutandike turubai, na baada ya safari tuoshe siku hiyohiyo.

Nne, kutu ndogo itibiwe ikiwa ndogo. Isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane kinang'aa. Pafutwe, pakauke, kisha siku hiyohiyo papakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya kawaida. Ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu blanketi. Bati likishatoboka, likatwe na kuchomelewa bati jipya. Fila haina nguvu ya kushikilia gari, na maji yakipenya nyuma yake hayatoki.

Tano, chasisi na paipu za breki zikaguliwe na fundi kila baada ya miezi sita. Chasisi igongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Paipu ya breki iliyoliwa haipakwi rangi, inabadilishwa.

Sita, kwenye rejeta tutumie kulenti. Maji ya chumvi hukutulisha injini kwa ndani.

Wengi mtaniuliza kuhusu oili chafu. Ni kweli inazuia maji, na madereva wengi hupaka chini ya gari. Lakini inanasa vumbi, inaharibu mipira, ikigusa breki ni hatari, na inayodondoka inachafua udongo. Heri rangi na grisi mahali panapostahili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, brashi ya waya, msasa na kopo la rangi jumla yake haifiki bei ya tairi moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika. Napendekeza kila kamati iwe na daftari la gari, na mjumbe mmoja, asiye dereva, aingie chini ya gari pamoja na dereva kila mwezi na kuandika walichokiona. Na kwenye bajeti ya mwaka tutenge fungu la matengenezo kabla ya kutenga la sherehe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa ndugu zetu wafadhili nina ombi moja. Gari jipya lina sherehe ya makabidhiano na picha zake. Brashi ya waya haina sherehe. Mnaposaidia gari, tusaidieni pia kupanga litakavyotunzwa. Mkija kututembelea, ombeni kuonyeshwa chini. Nasi kwenye kamati tusione haya kuandika kwenye taarifa kwamba gari lina kutu. Ile rangi nyeupe tuliyopiga zamani ilitokana na haya hiyo, tukiogopa kwamba wageni wakiona kutu watasema hatustahili kusaidiwa tena. Bwana wetu mwenyewe aliitaja kutu pamoja na nondo, katika Mathayo sura ya 6. Hakuwashangaa watu kwa kuwa na kutu. Ipo, na itakuwapo. Kuificha ndiko kunakotuangamiza.

Yule mtoto mchanga tuliyeshuka naye ukingo siku ile sasa ni mtu mzima. Nikikutana naye mnadani hunisalimia "shikamoo babu", akapita zake. Sijawahi kumweleza. Lakini kila nikimwona, nikirudi nyumbani nalala chini ya gari na kuangalia.