Joto la Pombe Usiku wa Baridi
Msikilizaji, baridi ya Juni na Julai inapotanda Njombe, wapo wanaoukabili usiku kwa pombe. Je, inasaidia? Kwanza, tuuelewe mwili. Ubongo hulinda joto la ndani, nyuzi 37 hivi: mishipa ya damu ya ngozini hujibana, vidole vikapoa na kupauka, na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto.

Upande wa pili, mnywaji atasema anahisi joto. Hasemi uongo, ngozi yake imepata joto kweli. Lakini pombe imeitanua mishipa ile ile, na joto la ndani linapotelea hewani. Akilala nje, maisha yake yamo hatarini. Swali linabaki: anayeyumba barabarani usiku wa baridi, ni wajibu wa nani kumfikisha kwenye blanketi?