Kapu la Nguo na Senti Moja Moja

Hotuba ya Mweka Hazina, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Awali ya yote nawapongeza kwa kutimiza miaka kumi. Najua wapo kati yetu wanaosema kwamba sherehe hii ikiisha tuvunje sanduku, kila mtu achukue chake aende zake. Kabla hatujapiga kura, naomba niwasimulie habari za mama mmoja.

Jina lake Maggie Lena Walker. Alizaliwa mwaka 1864 mjini Richmond, Virginia, huko Marekani. Mama yake aliwahi kuwa mtumwa. Baba wa kambo alipofariki mwaka 1876, mama huyo alifua nguo za watu ili watoto wale, na Maggie ndiye aliyebeba makapu kuwapelekea wenyewe.

Angali msichana alijiunga na chama cha kusaidiana cha watu Weusi, Chama cha Mtakatifu Luka. Kazi yake ilikuwa kutunza wagonjwa na kuzika wafu, kwa michango midogo midogo kama yetu. Mwaka 1899 akachaguliwa kukiongoza. Akakuta nini? Deni la dola 400, na mkononi dola 31 na senti kadhaa. Jamani, si afadhali sisi!

Hakuvunja chama. Alizunguka akitafuta wanachama, akaanzisha gazeti mwaka 1902, na tarehe 2 Novemba 1903 akafungua benki ya akiba ya senti. Akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki na kuwa rais wake. Wafua nguo waliweka akiba humo, hata watoto walipewa visanduku vya kutunzia senti zao. Na fedha hazikulala. Zilikopeshwa, watu wakanunua nyumba, wakalipa, zikakopeshwa wengine. Hapo ndipo penye siri, akina mama: mkopo uliorudi ndio unaomsaidia mwenzako.

Msidhani mambo yote yalinyooka. Mwaka 1905 walifungua duka kubwa. Wafanyabiashara Wazungu wakalipiga vita, na mwishowe likafungwa. Duka lilikufa, chama hakikufa.

Alipofanikiwa hakusahau kapu la nguo. Aliwapa wasichana Weusi kazi za ofisini, wakati wengi wao hawakuwa na njia ila kufua na kupika majumbani mwa watu. Aliongoza akina mama wa Richmond kuchangia shule ya wasichana waliokosa malezi. Uchumi ulipoanguka na benki nyingi zikafungwa, yake iliungana na nyingine za Weusi mjini hapo, ikapona. Alifariki Desemba 1934, na nyumba yake leo ni makumbusho ya taifa.

Sasa turudi kwetu. Tukigawana leo, kila mmoja atapata fedha za kununua kitenge na kulipa madeni ya dukani. Mwezi ujao mtoto akiugua, tutamwendea nani? Bandu bandu huisha gogo.

Naomba tufanye mambo mawili. Wenye mikopo iliyopita muda warejeshe, hata kidogo kidogo. Na faida tuigawe kama katiba yetu inavyosema, lakini mtaji tusiuguse.

Uamuzi ni wenu. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kisiwe kimetoboka.