Soda Isiyo na Sukari: Je, Hupunguza Unene?

Popote ulipo, iwe uko jikoni ukichambua mboga, kwenye kibanda chako sokoni, au umeketi ukimnyonyesha mtoto, sogea karibu na redio tuzungumze. Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi huuliza wanapofika kliniki: "Nikiacha soda ya kawaida, nianze kunywa ile isiyo na sukari, je, nitapungua?"

Swali hili si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba wanawake 25 katika kila 100 walio na umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mwaka wa 2014 walikuwa 33. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulipowaangalia wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 49, ulikuta 45 katika kila 100. Uzito ukizidi, mara nyingi huandamana na kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo na maumivu ya magoti. Kwa hivyo mama anayetafuta njia ya kupungua hatafuti urembo tu. Anatafuta miaka zaidi ya kuwalea watoto wake.

Hebu kwanza tutazame kilichomo ndani ya chupa. Soda nyingi za kawaida huwa na sukari ya gramu 10 hivi katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30, ambazo ni zaidi ya vijiko saba vya chai. Chupa ya nusu lita ina gramu 50, yaani vijiko kumi na viwili na nusu. Tangu mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na kwamba ni bora zaidi asipite gramu 25. Kwa hivyo ukimaliza chupa moja ya nusu lita, umekwisha kula sukari yote ya siku hiyo, na bado hujanywa chai.

Soda isiyo na sukari hutiwa vitu vingine vya kuleta utamu. Kimoja kinaitwa aspatemu, ambacho ni kitamu mara 200 hivi kuliko sukari. Kingine ni sukralosi, kitamu mara 600 hivi. Kwa sababu utamu wake ni mkali sana, kiasi kidogo mno kinatosha chupa nzima. Ndiyo maana soda hiyo haina kalori, au ina chache mno. Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata kutokana na chakula, na nguvu isiyotumika huwekwa mwilini kama mafuta. Nusu lita ya soda ya kawaida hukupa kalori 200 hivi. Ile nyingine hukupa karibu sufuri.

Ukipiga hesabu hiyo peke yake, jibu linaonekana rahisi: acha kalori 200 kila siku, nawe utapungua. Lakini mwili wa binadamu si daftari la duka. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na majibu yao hayafanani. Sikiliza mifano michache.

Nchini Uholanzi, watoto 641 wa shule walipewa kinywaji kimoja kila siku kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Nusu yao walipata chenye sukari na nusu wakapata kisicho na sukari, bila kujua ni kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012. Watoto wote waliongezeka uzito kwa kuwa walikuwa wakikua, lakini waliokunywa kisicho na sukari waliongezeka kilo moja pungufu kuliko wenzao. Hapa tunaona kwamba sukari ya kunywa huongeza uzito kweli.

Mwaka huohuo wa 2012, matokeo mengine yalitoka Marekani. Watu wazima 318 wenye uzito uliozidi waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliacha vinywaji vya sukari na kunywa maji. La pili liliacha vinywaji hivyo na kunywa visivyo na sukari. La tatu lilipewa mafunzo ya jumla tu kuhusu afya. Baada ya miezi sita, wa maji walikuwa wamepungua asilimia 2 ya uzito wao, wa vinywaji visivyo na sukari asilimia 2 na nusu, na wa mafunzo karibu asilimia 1 na robo tatu. Tofauti hiyo ni ndogo mno, mtu hawezi kusema kundi hili lilishinda lile.

Kisha kuna tafiti mbili zinazopingana waziwazi. Huko Iran, wanawake wanene waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliokunywa maji baada ya chakula cha mchana walipungua kilo 8.8, na waliokunywa soda isiyo na sukari walipungua kilo 7.6. Maji yakashinda. Lakini Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2016, watu waliozoea vinywaji hivyo wakaendelea navyo walipungua zaidi ya kilo 6 kwa mwaka, na wale walioambiwa wanywe maji wakapungua kilo 2 na nusu hivi. Utafiti huo wa Marekani uligharamiwa na chama cha watengenezaji wa vinywaji. Hiyo haimaanishi kwamba ni uongo, lakini ni vizuri msikilizaji ajue nani alilipa. Jambo la kukumbuka ni hili: katika tafiti hizo mbili, watu wote walikuwa wakifundishwa kila mara namna ya kula na kufanya mazoezi. Hakuna aliyepungua kwa sababu ya chupa pekee.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilikusanya tafiti nyingi pamoja na kuzipima. Likaona kwamba kwa muda mfupi, wanaotumia vitu hivi vya utamu hupungua kwa wastani wa robo tatu tu ya kilo kuliko wasiovitumia. Kwa muda mrefu, halikuona faida. Likashauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito.

Je, ni kwa nini faida hiyo hupotea? Sababu ya kwanza ni sisi wenyewe. Mtu akishajua kwamba soda yake haina sukari, hujiambia, "Leo nimejinyima, acha niongeze chapati moja." Chapati moja ya kukaangwa kwa mafuta inaweza kufikia kalori zilezile 200 alizoziacha, au hata kuzipita. Sababu ya pili ni kwamba soda mara nyingi haiendi peke yake. Huandamana na chipsi, mandazi, keki au nyama choma. Ukibadilisha kinywaji na kuiacha sahani vilevile, umegusa sehemu ndogo tu. Sababu ya tatu ni ulimi. Anayekunywa vitu vitamu sana kila siku huendelea kuzoea utamu huo, na chai ya sukari kidogo humwonekea kama maji matupu.

Kwa hivyo, mama, jibu la swali letu ni hili. Ikiwa ulikuwa ukinywa soda ya kawaida kila siku, kuhamia isiyo na sukari ni afadhali kuliko kuendelea, na inaweza kuwa ngazi ya kukusaidia kushuka. Lakini si dawa ya kupunguza unene. Na ikiwa hukuwa mnywaji wa soda, usianze kuinunua ukidhani itakupunguza. Pesa hizo zinunue sukuma wiki, maharagwe au matunda.

Sasa tuwatazame wanaohitaji uangalifu zaidi.

Wa kwanza ni watoto wadogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe soda yoyote, yenye sukari wala isiyo na sukari. Huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko kinachoingia chapasa kuwa na lishe: maziwa ya mama, uji, mboga, yai, matunda. Na usidhani kwamba neno "sufuri" kwenye chupa humaanisha haina madhara. Soda hizo bado zina asidi ambayo hula meno.

Wa pili ni mama mjamzito na anayenyonyesha. Ujauzito si wakati wa kujinyima chakula ili upungue. Soda nyeusi za kola, hata zisizo na sukari, zina kafeini, na kafeini nyingi si nzuri kwa mtoto aliye tumboni. Mama anayenyonyesha naye asifunge kula. Kutengeneza maziwa humtumia kalori zipatazo 500 kwa siku, na hiyo peke yake humsaidia kupungua polepole, mradi chai ya sukari na mandazi yasirudishe kila kinachotoka.

Wa tatu ni mwenye kisukari, na hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa wewe unayemtunza mgonjwa nyumbani. Soda isiyo na sukari haipandishi sukari ya damu kama ile ya kawaida, kwa hivyo mgonjwa anaweza kuinywa mara mojamoja. Lakini kuna wakati ambapo haifai kabisa. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge fulani anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Utamwona anatetemeka, anatokwa na jasho jingi, ana njaa kali, anachanganyikiwa, au anazungumza kama mlevi. Wakati huo anahitaji sukari halisi, upesi. Mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Ukimpa isiyo na sukari kwa kudhani ndiyo soda ya mgonjwa wa kisukari, haitamsaidia, na anaweza kuzimia au kupoteza maisha. Baada ya robo saa, akiwa bado hajapata nafuu, mpe tena. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini. Kwa hivyo nyumba yenye mgonjwa wa insulini isikose sukari ya kawaida.

Wapo pia wanaoogopa saratani. Mwezi wa Julai mwaka wa 2023, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspatemu katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa maana kwamba ushahidi uliopo ni mchache na uchunguzi zaidi unahitajika. Wakati huohuo, kamati nyingine ya wataalamu ilieleza kwamba mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa mikebe zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku ndipo apite kiwango kinachokubalika. Aliyekunywa chupa moja kwenye harusi asiwe na hofu. Anayekunywa kila siku ana sababu nyingine ya kupunguza.

Basi mama anayetaka kupungua afanye nini? Haya ndiyo ya kuanza nayo.

Anza na chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, ni vijiko tisa vya sukari, kuliko hata soda ndogo. Punguza nusu kijiko kila wiki, na ulimi utazoea.

Kinywaji cha kila siku kiwe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Ukitaka ladha, kamulia ndimu.

Tazama sahani. Nusu yake iwe mboga, robo iwe ugali, wali au viazi, na robo iliyobaki maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina.

Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki.

Chukua tepu ya fundi cherehani ujipime kiuno. Kwa mwanamke, kikipita sentimita 80, hatari ya magonjwa huanza kupanda. Jipime kila mwezi na uandike.

Soma lebo kabla ya kumnunulia mtoto kinywaji. Namba 950, 951, 954 na 955 ni alama za vitu vya utamu tulivyovitaja na ndugu zao. Baadhi ya vinywaji huchanganya vitu hivyo pamoja na sukari.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Vijiko vya sukari hujaza kibaba vivyo hivyo, na hupungua vivyo hivyo, kimoja kimoja. Ukiwa na swali, mwone muuguzi katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, na usiache dawa zako za kisukari au shinikizo la damu kwa sababu umeanza kupungua. Uwaambie pia jirani zako.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, sukari nyingi hutoka wapi: kwenye soda, chai, au vitafunio?
2. Kwa nini mgonjwa aliyeshukiwa na sukari asipewe soda isiyo na sukari? Nani nyumbani kwako anajua jambo hili?
3. Ni kinywaji gani tunachoweza kuwapa watoto shuleni na kwenye sherehe badala ya soda?