Mshona Viatu Ageuka Mchuuzi

Askari hahitaji kufundishwa thamani ya kiatu. Aliyekwenda mwendo wa siku mbili na buti linalomkata kisigino anaijua kuliko mwanauchumi ye yote. Basi tuutazame mji wa Street, huko Somerset, Uingereza, ambako ukoo wa Clark ulianza kazi ya ngozi mwaka 1825, na hatimaye ukajulikana dunia nzima kwa viatu.

Kiatu chao kilichovuma sana kina asili ya kijeshi. Mwaka 1941, Nathan Clark, afisa wa jeshi la Uingereza huko Burma, aliona maafisa wenzake wamevaa buti fupi za ngozi laini, zenye soli za mpira, zilizoshonwa na mafundi wa Cairo. Akauchukua mtindo huo, na mwaka 1950 ukaingia madukani.

Miaka ilipopita, ujira mdogo wa Asia uliwavuta wenye kampuni. Viwanda vyao vya Uingereza vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1993 mahali pa kiwanda cha Street pakafunguliwa maduka. Wakurugenzi huita hali hiyo kupanga upya shughuli; mshonaji aliyerithi kazi kwa baba yake ana jina jingine.

Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa asilimia 16.5 kwa viatu vingi vya ngozi vya China, na asilimia 10 kwa vya Vietnam, ili kuwakinga watengenezaji wake. Ushuru ulikoma mwaka 2011. Je, Clarks walishukuru? La. Walikwenda mahakamani kudai warudishiwe fedha, na mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikabatilisha sehemu ya kanuni za ushuru huo. Walitumia haki yao ya kisheria, hatukatai. Lakini ngao iliyochongwa kwa ajili ya mshona viatu, yeye mwenyewe aliiona mzigo, kwa kuwa alikwisha kuwa mwagizaji.

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba buti lile la jangwani lingetengenezwa tena Street, kwa msaada wa roboti, na watu wapatao 80 wangepata kazi. Kiwanda kilianza mwaka 2018. Mwaka 2019 kikafungwa, na mwaka 2021 asilimia 51 ya hisa za kampuni ikaangukia mikononi mwa wawekezaji wa Hong Kong. Makao makuu yangali Street. Viatu vyatoka ng'ambo.