Mbegu ya Lobelia Haifukiwi
Mawaidha ya afisa wa kilimo kwa vikundi vya wauza miche, Kaunti ya Nyeri



Wengi wenu mmelalamika kwamba mbegu za lobelia mlizonunua hazikuota. Kabla ya kulaumu duka, nawauliza: mlizifukia? Mbegu hizi ni ndogo kama vumbi, na huhitaji mwanga ili ziote. Zichanganyeni na mchanga mkavu, mzinyunyize juu ya udongo laini wenye unyevu, kisha mzikandamize kidogo kwa kiganja. Msizifunike kwa udongo. Wekeni trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, maji yapande yenyewe. Mkimwagia juu, mbegu zitasombwa.

Hamisheni miche kwa vifungu, sentimita 15 kutoka kimoja hadi kingine. Ukingoni mwa bustani, lobelia ya buluu hupendeza ikichanganywa na alisamu nyeupe. Vikapu vya kuning'inia hukauka upesi, kwa hivyo vimwagilieni kila siku. Maua yakinyauka, yapunguzeni kwa makasi, yatachanua tena.

Lobelia ina sumu ikiliwa. Itundikeni mbali na watoto na mbuzi, na kila mteja mumwambie hivyo.