Kwelea-kwelea, Ndege Mdogo Mharibifu

Ndege anayesemwa hapa uzito wake ni gramu kama 20 tu, naye ni wa ukoo wa mnana. Mdomo wake mnene ni mwekundu, ingawa wa jike hugeuka manjano wakati wa kutaga. Chakula chake hasa ni mbegu za nyasi za porini. Hizo zikiisha ndipo ageukiapo mtama wa Homa Bay na mpunga ulio kando ya mto Kuja, huko Nyatike katika Migori.

Ndege mmoja hula yapata gramu 10 kwa siku. Si kitu! Lakini hawaji mmoja mmoja, na kundi la milioni moja humaliza tani 10 kutwa.

Kwa hiyo wenye mashamba huamka alfajiri wakapiga madebe na kurusha udongo kwa kombeo. Mara nyingi kazi hiyo huwaangukia watoto, nao hukosa masomo. Dawa ya fenthioni hunyunyizwa jioni mahali walalapo ndege, lakini huua hata mwewe wawalao. Mtama mwekundu wenye uchungu hawaupendi sana, ila wakishikwa na njaa hawauachi.