Zana za Kuandikia Programu za Ofisi
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa kueleza kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta serikalini. Nitasema juu ya zana, maana fundi huulizwa kwanza anatumia randa gani.

Nilipotoka Chuo Kikuu mwaka 2004 niliajiriwa katika ofisi moja ya wilaya. Zana yangu ilikuwa Visual Basic, toleo la 6 lililotoka mwaka 1998. Naisifu mpaka leo. Ulichora fomu kwenye kioo, ukaweka kitufe, ukaandika kitufe kifanye nini, basi. Katika wiki mbili nilikuwa na programu ya stakabadhi za ushuru wa mazao, na karani aliyekuwa akijumlisha kwa kikokotoo mpaka magharibi akawa anarudi kwake saa tisa u nusu. Watu wakaniita mtaalamu. Nami nikakubali.

Mwezi wa nne wa programu ile, msimu wa mavuno, jumla ya kompyuta ilipishana na vitabu vya stakabadhi kwa shilingi 38. Mtacheka. Lakini mkaguzi wa hesabu hajali ni ngapi. Anauliza kwa nini. Karani, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, akaandikiwa barua ya kujieleza. Alikuja mezani kwangu akaniambia, "Mwanangu, nimehesabu mara tatu. Hebu iulize mashine yako." Nilimjibu kwamba mashine haikosei.

Ilinichukua siku tano kujua kwamba mkosaji ni mimi. Lugha nyingi za kompyuta zina aina kadhaa za kutunzia namba, na mwandishi ndiye achaguaye. Mimi nilichagua ile iitwayo Single, kwa kuwa niliizoea kwenye mazoezi ya fizikia. Aina hiyo hushika tarakimu saba hivi tu. Namba nzima huzishika zote kwa uhakika mpaka 16,777,216. Ukiipa 16,777,217 haiwezi kuitunza. Ushuru ulitozwa kwa asilimia, kwa hiyo zilitokea shilingi mojamoja na senti. Miezi ya kiangazi jumla ilikuwa ndogo, mambo yakawa shwari. Mavuno yalipokuja na mamilioni, kila stakabadhi mpya ilipojumlishwa, shilingi iliongezwa au ikadondoka pasipo kelele. Na zana haikuwa na lawama: Visual Basic ilikuwa na aina maalumu ya fedha, yenye desimali nne kamili. Sikuisoma.

Barua ya mzee ilifutwa baada ya wiki tatu. Wiki hizo tatu hakuna aliyemrudishia.

Tangu hapo nikawa napima zana kwa namna nyingine. COBOL, iliyobuniwa Marekani mwaka 1959, vijana huiona kikongwe. Lakini waliobuni walifikiri habari za fedha tangu mwanzo, kwani inakulazimu utaje tarakimu ngapi kabla ya nukta na ngapi baada yake. Wenzangu wengine hupenda kuendesha ofisi nzima kwa jedwali la Excel. Ni chombo kizuri cha kupigia hesabu, si ghala. Uingereza mwaka 2020 karibu wagonjwa 16,000 wa korona waliachwa nje ya orodha kwa siku kadhaa, kwa sababu faili za mtindo wa zamani zina mistari 65,536 tu, na iliyozidi haikuingia.

Jambo la pili ni umri wa zana. Microsoft iliacha kuihudumia Visual Basic 6 mwaka 2008, ilhali programu yangu ingali kazini. Nililazimika kuiandika upya yote. Siku hizi natunza kumbukumbu katika PostgreSQL, ambayo haina mwenye duka wa kuifunga, na sehemu ya fomu naiandika kwa chochote ambacho kijana atakayenirithi ataweza kukisoma. Mnaniuliza habari ya akili bandia inayoandika programu yenyewe? Naitumia. Huandika upesi kuliko mimi wa mwaka 2004, na huwa na uhakika uleule niliokuwa nao mimi siku ile mbele ya mzee.

Kwa hiyo kila zana mpya naipa kwanza 16,777,217, kisha 0.1 ongeza 0.2, nione inarudisha nini. Mkuu wa Shule ameniruhusu kutumia maabara ya kompyuta baada ya chai. Atakayependa kujaribu anifuate huko; kidato cha tatu njooni na daftari.